Chelel Aacha Kuogopa Ndoo

Gichuki na mke wake Wangeci wanaishi karibu na soko la Chepilat. Wana shamba dogo la majani chai na ng'ombe wawili. Ng'ombe mzee anaitwa Sukari. Mdogo anaitwa Chelel.

Jumatatu, Chelel alizaa ndama wake wa kwanza. Kesho yake Gichuki alienda kumkamua. Chelel hakuwa amekamuliwa hata siku moja. Alirukaruka. Gichuki akamfunga miguu kwa kamba na kumchapa fimbo. Chelel akarusha teke. Ndoo ikaruka, ikamgonga Mwihaki, binti yao wa miaka kumi na mmoja, mguuni.

Tangu hapo, Chelel alitetemeka akiona ndoo. Mwihaki naye alitetemeka akimwona Chelel.

Ndama alinyonya, lakini hakuweza kumaliza maziwa yote. Kiwele kilijaa, kikawa kigumu.

"Huyu ana kiburi," Gichuki alisema. "Nitamuuza."

Mwihaki alilia; alimwogopa Chelel, lakini hakutaka auzwe. Alimwambia rafiki yake Aluoch, jirani yao.

"Mama yangu ni daktari wa mifugo," Aluoch alisema. "Twende tumwite."

Mama Aluoch alifika jioni hiyo. Hakumkaribia Chelel mara moja. Alisimama, akamtazama.

"Baba Mwihaki, huyu alipigwa?"

Gichuki alijikuna kichwa. "Nilimchapa kidogo tu."

"Basi si kiburi. Ni woga. Ng'ombe akiogopa, maziwa hayashuki, hata uvute namna gani. Na maziwa yakibaki ndani, kiwele kinaweza kuugua."

Alimgusa Chelel polepole, akapapasa kiwele. "Hana kidonda. Bado hajaugua. Tumewahi."

"Sasa tufanye nini?" Wangeci aliuliza.

"Toeni kamba. Fimbo ikae mbali. Na mleteni Sukari asimame karibu naye. Ng'ombe hutulia akiwa na mwenzake."

Sukari aliletwa. Alimlamba Chelel shingoni. Wangeci akaweka majani mabichi, na wote wawili wakaanza kula.

"Mwihaki, njoo," Mama Aluoch aliita.

"Mimi? Atanipiga tena!"

Aluoch alimshika mkono. "Twende pamoja. Ukitaka kurudi, tunarudi."

"Usitokee nyuma yake," Mama Aluoch alieleza. "Pita ubavuni, akuone. Ongea naye. Mguse mgongo kwanza, kisha shusha mkono taratibu."

Mwihaki aliweka mkono mgongoni. Ngozi ya Chelel ilitetemeka.

"Pole, Chelel," alisema. "Ni mimi."

Mama Aluoch aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi. Alikamua kidogo, kisha akamwachia Mwihaki nafasi. Mwihaki alivuta mara moja. Maziwa yakalia ndooni. Chelel akainua mguu! Mwihaki akaruka nyuma.

"Hatuna haraka," Aluoch alisema. "Acha aushushe."

Chelel aliushusha mguu. Mwihaki akarudi, akaanza tena.

Kwa wiki nzima, wasichana hao walikwenda pamoja asubuhi na jioni, Wangeci akiwa karibu. Kiwele kikalainika. Ndoo ikaanza kujaa.

Lakini Gichuki akiingia tu, Chelel alirudi nyuma.

"Ananikumbuka," Gichuki alisema kwa huzuni.

"Ndiyo, Baba," Mwihaki alisema. "Mpe majani kwa mkono. Usimkamue leo. Simama tu, uongee naye."

Gichuki alisimama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliongea kuhusu mvua na majani chai. Siku ya tano aliketi na ndoo, binti yake akiwa kando. Aligusa mgongo kwanza.

Maziwa yalianza kushuka. Chelel aligeuza kichwa, akamnusa Gichuki begani, kisha akaendelea kula.

"Ameniruhusu," Gichuki alinong'ona, huku akitabasamu.