Makoti ya Mkono Mmoja Mfupi

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa macho yangu mawili, na nikiongeza hata chembe, nitalipa.

Fundi alikuwa anatia uzi kwenye cherehani yake pale meneja wa hoteli alipoingia bila hodi. Akabwaga furushi la makoti ya wahudumu juu ya meza ya kukatia.

"Fundi, umenifanya kichekesho!" alifoka. "Hebu vaa!"

Fundi akavaa koti moja. Mkono wa kulia ulimfika kwenye kifundo cha mkono. Wa kushoto uliishia njiani, kana kwamba umeogopa kufika.

"Yote yako hivyo. Yawe sawa Ijumaa. La sivyo, kazi ya hoteli nampa mwingine."

Kazi hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba nzima. Meneja alipotoka, Fundi alimgeukia mdogo wa mumewe, damu inamchemka.

"Shemeji! Mikono ya kushoto ulikata wewe. Ulikuwa umelala?"

"Nilale wapi, na kelele zako hizi? Nilipima sentimita sitini, kama ulivyoniambia!"

"Sitini gani hiyo? Ya ndotoni?"

Jirani alisikia ugomvi, akaja. Mama huyu alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati kabla ya kustaafu. Hakuuliza mkosaji ni nani. Alisema tu, "Nionesheni futi mlizopimia."

Shemeji akatoa futi kuukuu ya marehemu baba yake. Jirani akaitandaza mezani. Haikuanzia moja. Ilianzia nne.

"Ah, hiyo," Fundi alisema. "Ncha ilichakaa, baba mkwe akaikata. Ukiitumia, unaongeza nne. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui!" Shemeji aliruka. "Nimeanza kazi juzi tu! Natukanwa bure kwa kosa la mkasi wa baba!"

Sasa Jirani naye akawaka. "Ana haki ya kukasirika! Makoti yote haya, hakuna aliyelinganisha mikono?"

"Tunakagua mwishoni, tukikunja," Fundi alijibu, sauti imeshuka.

"Mwishoni! Mikono imeshafichwa ndani ya mkunjo! Mwishoni unahesabu hasara tu. Ubora unapangwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kubalianeni kwanza koti zuri likoje. Tumieni futi moja, iliyolinganishwa na rula ya chuma. Shoneni koti moja, mumvalishe mtu, ndipo mkate mengine. Kabla ya kuunga mikono, lazeni wa kulia juu ya wa kushoto. Na aliyeshona asijikague mwenyewe, atajipendelea. Mkipata kibovu, kiwekeni kando mtafute chanzo, si mtu wa kufokea!"

Fundi alichukua mkasi. Kisha akaikatakata ile futi vipande vipande.

"Nisamehe, shemeji."

"Nitakusamehe ukianza wewe kufumua."

Walifumua pamoja, wakakata mikono mipya. Safari hii Shemeji alilaza mkono juu ya mkono, akapaza sauti: "Huu umezidi! Nani kaukata?" Alikuwa Fundi. Waliupunguza papo hapo, kabla ya kushona.

Ijumaa meneja alivaa koti, akanyoosha mikono yote miwili, akalia machozi ya furaha, akampigia Fundi magoti, akaagiza mapazia ya hoteli nzima.

Siku hizi karakana ile haitoi kitu bila kukikagua, hata hadithi hii. Fundi aliisoma mbele yangu, chaki mkononi.

"Alilia nani? Alisema 'sawa', akaagiza aproni, basi. Mzee, si uliapa?"

"Mbovu hii," Shemeji akasema. "Iweke kando."

Soda za karakana nzima nimelipa mimi. Jirani alikunywa mbili.