Msikilizaji wa Saa Saba Mchana

Wino ulikuwa haujakauka.

Mwokaji alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, akaoka mikate mpaka adhuhuri, akarudi na unga kwenye nyusi kama kawaida yake, akaketi kitandani na kufungua daftari lake. Chini ya maneno aliyoyaandika jana yake palikuwa na mstari mmoja wa ziada. Aliugusa, kidole kikatoka na doa la buluu. Mwandiko ulikuwa wake: ile "k" yenye mkia mrefu, ile "m" iliyolala ubavu kama mgonjwa wa homa. Ila maneno hayakuwa yake.

"Endelea. Nakusikiliza."

Nyumbani hapakuwa na mtu. Binti yake wa miaka tisa, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, alikuwa shuleni. Wifi yake alikuwa bado dukani akiuza mikate. Mlango aliufungua mwenyewe kwa ufunguo wake.

"Ni uchovu," alijiambia. "Mtu anayeamka kabla ya jogoo anaweza kuandika huku amelala."

Akakifuta kidole kwenye aproni, akaandika ukurasa wa siku hiyo.

Daftari lenyewe halikuwa na ajabu yoyote. Lilikuwa daftari la kawaida la dukani, lenye jalada la kijani. Ajabu ilikuwa kwamba mtu kama yeye anaandika. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa, na kwa mwaka mzima tangu afe, mwokaji hakuwa amemwambia mtu neno moja juu ya asubuhi ile ya mwisho. Waligombana kwa sababu ya ndoo. Paa lao lilikuwa linavuja, ndoo ikajaa, yeye akaikanyaga na kuimwaga, hasira zikampanda. "Mapaa ya watu unayaziba, la kwako linavuja! Nenda zako, na ukitaka usirudi kabisa!" Mume akacheka, akabeba ngazi yake. Mchana wakaja watu wawili kumwambia kwamba ameanguka.

Tangu hapo usingizi ulimhama. Mikate ikaungua. Siku moja wifi alimkuta analia juu ya beseni la unga, machozi yakidondokea humo humo, akasema, "Wifi, chumvi tunayo ya kutosha," kisha akamshika mkono na kumpeleka zahanati. Mshauri wa pale, kijana mpole mwenye miwani, alimsikiliza akinyamaza, maana hata kwake mwokaji hakusema kitu. Mwishowe akamwambia, "Mama, kama mdomo umekataa, jaribu mkono. Kila siku ukurasa mmoja. Usisahihishe, usimwonyeshe mtu. Kama huna wa kumwandikia, mwandikie rafiki."

Basi kila ukurasa aliuanza hivi: "Rafiki yangu." Na dawa ilifanya kazi, tusiseme uongo. Ndani ya miezi miwili aligundua kwamba kabla ya kuwa na huzuni alikuwa na hasira, na kabla ya hasira alikuwa na woga. Alikumbuka kwamba utotoni alipenda kuimba. Akaanza kulala. Ila neno moja tu, lile la asubuhi ya ndoo, alilizunguka kama mtu anavyolizunguka shimo.

Siku iliyofuata ule mstari wenye wino mbichi, alikuta mwingine. "Bado kuna kitu. Nipe."

Angelifunga daftari siku hiyo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mwenye mzigo haulizi anayemtua ni nani. Alikaa kitandani, saa saba mchana, jua limesimama wima juu ya paa, akaandika ugomvi wote, neno kwa neno, mpaka "usirudi kabisa". Alilia. Akalala juu ya daftari.

Kesho yake ukurasa ulikuwa mweupe. Si kwamba umechanwa. Maneno ndiyo hayakuwapo. Karatasi ilikuwa imejikunja na kulowa kidogo, kama kitu kilichorambwa. Na yeye alikuwa mwepesi, mwepesi mno. Kwenye tanuri aliimba. Mikate iliumuka vizuri kuliko mwaka mzima.

"Mashallah, wifi," alisema wifi yake akipanga mikate kwenye rafu. "Kaka yangu angekuona angefurahi. Tena siku ile ya mwisho nilivyosikia mnavyorushiana maneno kule ndani, nilihofu utabeba hilo maisha yako yote."

"Maneno gani?"

"Ya ile ndoo."

Mwokaji alimtazama kama anayeelezwa habari za mtaa wa mbali. "Ndoo gani?"

Wifi alicheka, akidhani ni utani, kisha akaacha kucheka.

Siku zikaenda, na kila siku daftari lilidai. "Nipe tena." Alilipatia mazishi. Alilipatia sauti ya mume. Alilipatia siku waliyofunga ndoa, kwa sababu hata furaha, ukiifikiria, inauma. Kila alichoandika kiliondoka, naye akazidi kuwa mwepesi. Picha ya mume ukutani ikawa ya mwanamume fulani mwenye masharubu. Chumba kikaanza kunuka: harufu ya karatasi iliyolowa, na chini yake harufu ya unga uliochacha ukasahauliwa. Alifua mashuka, akapiga deki kwa sabuni ya magadi, akafungua madirisha, harufu haikutoka.

"Mama," Chiriku alimwambia jioni moja wakila, "mchana niliporudi ukaniita nikuletee kalamu. Nikakuletea. Mbona hukuwa chumbani?"

"Mimi mchana nilikuwa dukani. Leo nilichelewa."

"Lakini uliniita. Uliniita kutoka chini ya kitanda."

Wifi aliweka kijiko chini. Mwokaji alitabasamu tu, akasema watoto wana mambo. Woga wake alikuwa ameshauandika siku tatu nyuma.

Ilikuwa siku ya mvua Chiriku alipomwaga trei nzima ya mayai, akaendelea kujitetea bila kupumua, mpaka kichwa cha mama kikaanza kugonga. Mwokaji akajifungia chumbani. Akaandika kurasa tatu juu ya mtoto: kelele zake, kulea peke yake, uchovu, na mwisho kabisa jambo ambalo mama hulifikiria kwa nusu dakika na kulijutia mwaka: "Laiti nisingemzaa." Alipokuwa anaandika alisikia, karibu na miguu yake, mlio laini, taratibu, wa ulimi kwenye karatasi, kama ng'ombe anayemramba ndama wake. Hakuinama kutazama.

Kesho yake adhuhuri Chiriku aliingia dukani na sare zake za shule, akapita katikati ya wateja, akamkumbatia mama yake kiunoni. "Mama, leo nimekuwa wa pili!"

Mwokaji alimtoa mikono taratibu, kwa adabu, kama unavyomtoa mtoto wa mtu. "Mtoto mzuri, umepotea? Wewe ni wa nani?"

Chiriku alicheka kidogo, akingoja mama naye acheke, na mama hakucheka. Wifi aliuangusha mkate aliokuwa ameushika, akamvuta mtoto nyuma ya meza, akawaambia wateja, "Leo tumefunga." Akafunga.

Mkunga mstaafu wa mtaa wa pili alijulikana kwa mambo mawili: alizalisha nusu ya watu wa pale, na alitoa vile visivyozaliwa na mwanamke. Alikuwa mnene, mwenye goti bovu, na hakupenda maneno mengi. Wifi alimweleza yote. Bibi akauliza swali moja tu:

"Huyo rafiki anayemwandikia, anaitwa nani?"

"Hana jina, Bibi. Anaandika 'rafiki yangu' basi."

Bibi alifumba macho. "Kuandika si kosa. Kosa ni kupeleka barua isiyo na jina la mpokeaji. Yeyote aliye karibu anaweza kusema ni yake. Kitu kimeisoma, kimeona tamu, kimekaa."

"Tulichome daftari?"

"Ukilichoma, mtoto amepoteza mama. Vitu kilivyopewa viko tumboni mwake; lazima kivitapike. Na vitatoka kwa njia moja tu: mwenyewe avidai, akijua ni vichungu. Kesho saa saba. Huyo mtoto abaki dukani."

Siku ya pili, jua likiwa wima, watatu waliingia chumbani na kufunga mlango. Bibi alimkalisha mwokaji sakafuni, daftari mapajani, akaketi kwenye kigoda mguu wake mbovu ukiwa umenyooka, akamwamuru wifi aanze kusema. Wifi alisema. Alisimulia ndoo na maji yaliyomwagika, na ngazi, na lile neno "usirudi kabisa", na watu wawili waliokuja mchana na kofia mikononi, na mwokaji akasikiliza yote kama anayesikiliza habari za jirani, akitikisa kichwa kwa huruma, mpaka Bibi alipomwambia kwa ukali, "Sema, 'Ni yangu!'"

"Ni yangu," alisema, bila kujua.

Hapo harufu ilipanda, ile ya unga uliochacha, ikajaa chumba mpaka macho yakawawasha, na shuka lililoning'inia ukingoni mwa kitanda likaanza kuvutwa ndani, polepole, kama linatafunwa, na kutoka kule chini ikatoka sauti ya mwokaji mwenyewe, ile ile, yenye mkwaruzo wake wa asubuhi, ingawa mdomo wake ulikuwa umefumbwa na wifi alikuwa anautazama, ikisema kwa upole, upole wa mtu anayekujua kuliko mama yako, "Lakini ulinipa wewe. Hukulazimishwa. Ulikuwa hulali, sasa unalala. Ulikuwa huimbi, sasa unaimba. Nikikurudishia, rafiki yangu, utalia mpaka wakushushe kaburini. Niache nimalizie. Kimebaki kidogo tu."

Bibi hakusogea. "Kimesema kweli, mwanangu," alinong'ona. "Utalia. Chagua mwenyewe."

Mwokaji alitazama zile kurasa nyeupe. Hakukumbuka chochote cha kumfanya achague. Alichokuwa nacho ni sura ya yule mtoto wa jana, jinsi alivyocheka akingoja naye acheke.

"Nirudishie," alisema.

"Vyote?"

"Vyote. Ni vyangu."

Kitanda kiliinuka kikatua. Chini yake kitu kilikohoa, kikakohoa tena, kwa kina, kama kisima kinachotapika, na matope ya karatasi yakamiminika sakafuni, meupe yenye mishipa ya buluu, ya moto, yakagusa magoti yake, na kila yalipomgusa alipiga ukelele kwa sababu kila tone lilikuwa siku moja. Na huku kikitapika, kilikuwa kinasoma, kwa sauti yake, kwa nguvu, kila alichokiandika, mazishi na ndoa na ndoo, mstari kwa mstari, mpaka kikafika kwenye zile kurasa tatu za mwisho, zikasomwa vizuri, bila kukosa hata nukta, "Laiti nisingemzaa," na ndipo wifi alipogeuka akaona mlango uko wazi kwa upana wa kiganja, na kwenye uwazi ule jicho moja la mtoto aliyekataa kubaki dukani.

Dirisha lilijipiga. Harufu ikakatika ghafla. Kilikuwa kimekwenda.

Mwokaji alilia siku nne. Alimlilia mume kama amekufa jana, maana kwake alikuwa amekufa jana. Bibi alikuja kumtazama kila asubuhi, akala mkate, akasema, "Lia. Hiyo ni afya." Picha ukutani ilikuwa tena ya mumewe, na masharubu yake aliyoyakata vibaya. Kitu kimoja hakikurudi: sauti ya mume. Alijaribu kumkumbuka akicheka na ngazi begani, akaona mdomo unafunguka, haukutoa kitu. Bibi alisema vitu vingine vinakuwa vimeshasagwa.

Lakini lililokuwa zito kuliko yote ni kwamba Chiriku alinyamaza. Alikula, alifua soksi zake, aliitikia "ndiyo" na "hapana". Usiku alilala kwa shangazi yake. Mama akiingia chumbani, yeye alitoka, kwa adabu, kama anayempisha mgeni. Wifi alimwambia mwokaji, "Mpe muda." Bibi alipoulizwa dawa, alikasirika: "Hilo si jini. Hilo ni lako."

Siku ya kumi na moja, alasiri, mwokaji alikuwa anakanda unga dukani wakati mtoto alipoingia kuchukua maji. Walikuwa wawili tu.

"Chiriku," alisema. "Uliyoyasikia niliandika mimi. Hakuyatunga yule."

Mtoto alisimama na kikombe mkononi.

"Ulikuwa unasema kweli?"

Angeweza kusema hapana. Ilikuwa pale pale kwenye ulimi, nyepesi. "Kwa dakika ile, kweli. Nilikuwa nimechoka sana. Halafu dakika ikapita, na mimi sikukuambia wewe, nikaliambia daftari. Ulipoondoka kichwani mwangu nilikuwa sina kitu kabisa. Nilikuwa mtu wa kuoka mikate tu."

Chiriku alitazama sakafu.

"Uliniuliza mimi ni wa nani," alisema. "Mbele za watu. Mwalimu alikuwepo, na mama yake mwenzangu wa deski. Nilikuwa wa pili, hukuuliza hata wa pili katika nini. Na kule chumbani kiliniita kwa sauti yako nikakiletea kalamu, nikakipa mkononi, mkono ulikuwa umelowa, na nilikuambia, ukatabasamu tu. Nilikuambia, mama!"

Akaendelea. Alipandisha sauti, akapiga kikombe mezani, akasema mambo ya mwaka mzima, ya baba, ya ngazi, ya jinsi hakuna aliyemuuliza yeye. Mwokaji alisimama na mikono imezama kwenye unga mpaka viwiko. Hakumkatiza, hakujitetea. Jua lilishuka ng'ambo ya barabara, unga ukaumuka kati ya vidole vyake, ukafurika beseni na kuanza kumwagika mezani, na mtoto alikuwa bado anasema.