Mkonga Wapiga Hodi

Nikiri mapema: siku ya kwanza nilipouona Mkonga nilidhani ni chatu. Nilitimua mbio, nikaacha kandambili moja gatini. Kumbe ni mpira wa kupitishia lami ya moto, mnene kama pipa, umesukwa kwa nyaya na kuvalishwa ngozi inayohisi joto. Unajiinua wenyewe kutoka gatini mpaka kwenye meli inayojiendesha.

Aliyeubuni ni Mhandisi Semeni Mhina wa bandari ya Ras Mkunge, mama anayejiamini kama mpishi wa pilau ya harusi. Aliwavisha mafundi wa zamani glavu za kunakili mikono yao, Mkonga ukajifunza kila kitu. Mafundi wakaagwa kwa soda na keki.

Siku ya majaribio wakubwa walijaa gatini. Mkonga ukajifunga kwenye bomba la meli, ukagonga mara tatu, ukatulia. Lami ikaanza kupoa ndani yake. Ikiganda, Mkonga ni wa kutupwa, na jasho lote la Semeni limekwenda.

Mkurugenzi, Bwana Kitwana, akauliza kama mashine imesinzia.

"Inapiga hodi," Semeni akasema.

Akawaeleza: zamani fundi wa gatini aligonga kwanza, na hakufungulia lami kabla mwenzake wa melini hajaangalia na kugonga kumkaribisha. Glavu zilikuwa zimenakili mpaka adabu.

Bwana Kitwana akasema meli haina mtu, lami ifunguliwe kwa swichi. Semeni akacheka, akasema kugonga hakumshindi, akapanda ngazi.

Nyuma ya bomba akamkuta Mzee Shelukindo, mkwangua kutu, vipokea sauti masikioni, ameegemea kiungo cha Mkonga na bomba, anakula muhogo. Hakuna aliyejua kwamba bado yumo melini.

"Karibu muhogo, mhandisi."

"Ahsante, baba. Shuka nao kwanza, tutakula chini."

Alipokwisha kushuka, Semeni akachungulia kila upande, akagonga. Lami ikapita kama uji. Gatini watu wakashangilia.

Bwana Kitwana akampa mkono, akasema mlio huo wa kugonga urekodiwe, mashine iwe inajikaribisha yenyewe. Semeni akamtazama Mzee Shelukindo akipangusa unga wa muhogo ndevuni.

"Mkurugenzi, mimi naomba nirudishiwe fundi mmoja tu. Wa kuangalia kabla ya kuitikia."

Wakubwa walikuwa wameshajipanga mbele ya Mkonga, wanapiga picha.