Jiwe Lililokataa Kusimama

Fundi alizima swichi, akaenda kunawa mikono, akaikausha kwa utulivu wake wote, na aliporudi mezani jiwe lilikuwa bado linazunguka. Akacheka peke yake. Jiwe la mashine ya kunolea halisimami papo hapo ukilikatia umeme, hilo hata aliyeingia kwenye ufundi jana analijua. Linapunguza mwendo polepole, na kadiri beringi zilivyofungwa vizuri ndivyo linavyochelewa kusimama. Na beringi hizi alizifunga yeye.

"Mke wangu!" aliita. "Njoo uone kazi!"

Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alitoka ndani na futi ya kitambaa shingoni na pini mbili mdomoni.

"Unaita utafikiri nyumba inaungua."

"Nimezima kitambo. Tazama linavyokwenda."

"Litasimama lini?"

"Bado kidogo."

Mkewe akacheka nusura ameze pini. Jibu hilo ndilo fundi alilompa kila mteja aliyefuata kitu chake, hata mtaa mzima ukawa unamwita Fundi Bado. Kwa siri walipomhitaji, usoni walipomkasirikia.

Mashine yenyewe aliitoa kwenye lundo la muuza vyuma chakavu. Ilikuwa imekula kutu mwili mzima, lakini kilichomuudhi fundi hakikuwa kutu. Mtu fulani alikuwa amepitisha kipande cha nondo juu ya jiwe na kukichomelea kwenye kinga yake ya chuma pande zote mbili, tena kwa uchomeleaji wa ovyo, mabonge matupu, ili jiwe lisiweze kuzunguka kamwe.

"Nani kaifanyia mashine unyama huu?" aliuliza.

"Walioileta hawakusema neno," muuza vyuma alimjibu. "Waliishusha, wakaondoka. Hata kunawa nilipowakaribisha walikataa."

Fundi akaikata ile nondo siku hiyo hiyo. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akabadilisha nyaya, akapaka rangi ya kijani. Akaligonga jiwe kwa mpini wa nyundo, kama wafanyavyo mafundi wote kabla ya kuliamini, kwa sababu jiwe zima hulia kama kengele na lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Likalia vizuri. Kisha, mkono wake ukiwa umeshaondoka, likalia tena. Fundi akasema ni mwangwi. Mtu aliyependa mashine humwambii kitu.

Cha kwanza kukinoa, kabla hajazima swichi siku ile, kilikuwa mkasi mkubwa wa mkewe. Ulikata kitambaa hata mshonaji akapiga kigelegele. Lakini jioni ile walisikia harufu ya ukucha ulioungua, wakaitafuta jikoni, wakaitafuta uvunguni mwa kitanda, kila mmoja akamsingizia mwenzake, wakafungua madirisha wakalala.

Asubuhi jiwe lilikuwa bado linazunguka. Fundi aliinama kufuata waya, akaikuta plagi iko sakafuni, haijachomekwa popote. Akaishika mkononi, akaitazama, akalitazama jiwe. Chini ya jiwe, mahali penye vumbi jeusi la chuma siku zote, palikuwa na unga mweupe, laini. Akachukua kidogo kwa kidole akanusa. Ilikuwa ile harufu ya jana.

"Mume wangu," mkewe aliita kutoka ndani, kwa sauti ndogo. "Hebu njoo unishikie hiki kitambaa. Ni hariri hiki, au pamba?"

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi."

"Mbona sisikii kitu?"

Fundi alipoingia, mkewe alimfungulia viganja. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko, hazina hata mstari mmoja.

Fundi hakungoja mchana. Alilikaba jiwe kwa gogo, gogo likaliwa likaisha. Akafunga mnyororo, mnyororo ukakatika cheche zikiruka mpaka darini. Akaleta mashine ya kuchomelea ili airudishe ile nondo mahali pake, lakini kila tone la chuma lililoyeyuka lilianguka chini bila kushika, kana kwamba jiwe lilikuwa limepakwa mafuta, na mvumo wake ukawa unapanda na kushuka kama pumzi ya mtu anayecheka amefumba mdomo.

Wakaitiwa mganga, mama mmoja mnene mwenye haraka zake. Alifika kwenye mlango wa karakana, akavuta hewa mara moja, akakataa kuingia.

"Nani alikata chuma?" alinong'ona.

"Mimi."

"Kilikukosea nini?"

"Kilikuwa kimechomelewa vibaya, mama."

"Waliokichomelea hawakuwa wakitafuta sifa," mganga alisema. "Humo mna jini la kusaga. Walilifunga likiwa limelala. Ulinoa kitu cha nani kwanza?"

Mkewe akainua vidole vyake.

"Basi limekuonja, mwanangu."

"Litoe," fundi akamsihi. "Nakuomba, mama, litoe."

"Litoke liende wapi? Limeamka, na anayeamka hushikwa na njaa. Lipe chuma. Likiwa na chuma mdomoni, halitamgusa mkeo. Ukiacha, litamrudia."

"Mpaka lini?"

Mganga alikuwa ameshaanza kuondoka.

Fundi akapiga moyo konde. Alianza na vyuma chakavu, akaja kwenye mapanga na majembe ya wateja, akaja kwenye nyundo zake, tupa zake, patasi aliyoachiwa na aliyemfundisha kazi, na kila kimoja alikikandamiza juu ya jiwe mpaka kikaisha kama kipande cha sabuni, na alipoinua mkono tu kufuata kingine alisikia mkewe akiguna ndani ya nyumba, guno fupi la mtu aliyechubuliwa, akarudi mbio kukandamiza chochote kilichokuwa karibu. Mkewe alimletea chai akamnywesha kama mtoto, kwa kuwa mikono yote miwili ya fundi ilikuwa kazini.

"Bado?" alimuuliza.

"Bado kidogo."

Wote wawili walijua anadanganya, na mkewe akamshukuru kwa uongo huo kwa kumfuta jasho.

Kusinzia ndiko kulikomponza. Kila aliposinzia akashtuka, alimkuta mkewe amepungua: nyusi zimekwenda, kisha masikio yamelala yakawa tambarare, kisha pua, taratibu, kama sura kwenye sarafu ya zamani. Hakuwa akitoka damu. Alijifunika mtandio ili mumewe asione, na sauti yake ikawa inatoka kwa shida kupitia midomo iliyobaki mstari mwembamba.

"Lala, mume wangu," alisema.

"Nikilala utakwisha."

"Najua. Na wewe unakwisha. Sitaki kukuona hivi."

"Usiniambie nilale!" Fundi alipiga kelele, kisha akalia, na huku analia akawa anang'oa nondo za dirisha kwa mkono mmoja, mwingine ukikandamiza chuma cha kitanda chao cha ndoa, macho yamejaa unga, anaomba, anatukana, anaomba tena, mpaka hakujua kama aliyekuwa akivuma ni jiwe au ni kichwa chake mwenyewe, na usingizi ukamchukua amesimama.

Alizinduka kwenye ukimya.

Jua lilikuwa limeingia kupitia dirisha lisilo na nondo. Kile kipande cha chuma kilikuwa kimemwangukia miguuni. Na jiwe limesimama. Aliligusa kwa kidole, likageuka kidogo kama jiwe lolote, likatulia. Furaha ikampanda hata akaona kizunguzungu.

"Limesimama!" Alikimbilia ndani. "Mke wangu, limesimama!"

Mkewe alikuwa ameketi mbele ya cherehani, amempa mgongo, mguu wake ukisukuma kanyagio bila kitambaa chochote chini ya sindano. Fundi akamshika bega. Akageuka. Kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni hapakuwa na kitu, ila ngozi nyeupe iliyong'aa. Hapakuwa na jicho la kumwona wala sikio la kusikia habari njema.

Fundi akapiga magoti. Mkewe akapapasa hewani, akampata, akaweka kiganja chake kifuani pa mumewe, kama alivyozoea kufanya kila alipomwona ana huzuni.

Kiganja kilikuwa kinavuma.

Mtetemo wake ulikuwa mdogo na wa haraka, wa kitu kinachozunguka kwenye beringi safi. Shati likaanza kupata joto. Kisha uzi wa kwanza ukakatika, na chumba kikajaa harufu ya ukucha ulioungua. Mkewe hakujua. Aliendelea kumbembeleza, taratibu, kwa upendo wake wote.

Fundi angeweza kurudi nyuma. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaukandamiza pale pale.