Wapangaji na Wavurugaji

"Madam, hapo ni tashbiha au ni sitiari?"

"Isome tena hiyo sentensi, Nasrin. Taratibu."

Nasrin akaisogeza karatasi karibu na macho. "'Kwa mvurugaji, kiti si kiti. Ni kabati lenye miguu minne.'"

Kidato cha Tatu B wakaangua kicheko. Mwalimu Renatha naye akacheka. Ni yeye aliyewaambia kila mmoja alete maandishi ya kuchekesha, ayatoe popote atakapoyapata, ili wachambue tamathali za semi. Wengine walileta vichekesho vya kanga na matangazo ya waganga. Nasrin peke yake ndiye aliyeleta insha nzima, kainakili kwa mkono mwanzo mpaka mwisho.

"Umeona 'kama' hapo? Hakuna. Amesema kiti NI kabati. Kwa hiyo?"

"Sitiari!"

"Haya, endelea. Anza tena juu, na wenzako wa nyuma wasikie."

"'Dunia ina watu wa aina mbili, wapangaji na wavurugaji. Nikisema wapangaji simaanishi wale wa kodi. Namaanisha wale wanaopanga vitu. Mpangaji akivua viatu, vinasimama kama wanafunzi mstarini. Mvurugaji akivua viatu, kimoja kinabaki mlangoni, kingine kinahamia Namtumbo.'"

"Mubalagha!" wakapiga kelele kabla hawajaulizwa.

"'Soksi za mvurugaji ziliachana zamani, kila moja ina maisha yake.'"

"Tashihisi!"

Renatha aliandika ubaoni huku akitabasamu. Aliyeandika haya anajua kazi, akawaza. Nasrin akageuza karatasi.

"'Namfahamu mmoja, mwalimu, amepanga chumba mtaa wa Msamala. Muulize kalamu nyekundu iko wapi, atasema iko kwenye mkoba. Mkoba uko wapi? Chini ya madaftari. Madaftari je? Yako kitandani. Na yeye analala wapi? Analala pembezoni, kama mgeni.'"

Tabasamu likamkauka mwalimu. Chaki ilibaki hewani. Aliyepanga chumba Msamala alikuwa yeye. Na jana usiku alilala pembezoni, ubavu umegusa ukuta, madaftari ya Kidato cha Kwanza yamejaa katikati ya kitanda.

"Nasrin, hii insha umeitoa wapi?"

"Kwenye simu ya dada, Madam. Kwenye ukurasa wa Facebook wa Cheka na Wilfred."

Nusu ya darasa husali parokia moja na mwalimu wao. Jumapili mbili mfululizo walikuwa wamesikia jina la Wilfred likitangazwa kanisani pamoja na jina la Renatha, na kesho kutwa ndilo lilikuwa tangazo la tatu na la mwisho kabla ya ndoa.

"Niache, Madam?"

Angesema ndiyo. Lakini mwalimu ana kiburi chake. "Malizia. Imebaki hiyo aya ya saba tu."

Nasrin alisoma kwa sauti ndogo. "'Na mvurugaji huyo ni mchafu. Mchafu mithiri ya banda la nguruwe. Mchafu wa sahani, mchafu wa shuka, mchafu wa mwili. Atakayemuoa aandae sabuni, maana hata kwao hawakumfundisha kuoga.'"

Kengele haikulia. Ingelia ingemsaidia.

"Hapo ni... ni takriri, Madam?" Nasrin aliuliza, machozi yanamlengalenga.

"Ndiyo," alisema Renatha. "Neno likirudiwarudiwa ni takriri."

Akaliandika ubaoni, akaweka chaki mezani, akatoka.

Jamani, kuna tusi na kuna tusi. Kuvuruga, Renatha alikuwa anavuruga, na hakuwahi kukataa. Lakini vurugu na uchafu vimekutana wapi? Sahani zake zilikuwa safi. Shuka zake zilifuliwa kila Jumamosi, zikaanikwa, zikaanuliwa. Zilichokosa ni kukunjwa tu. Hapa mjini ukimwita mchumba wa mtu mchafu wa mwili, umemtukana yeye, mama yake, na bibi yake aliyeko kaburini. Na maneno hayo yamesomwa na wanafunzi!

Alipiga simu akiwa amesimama nyuma ya maabara.

"Mpenzi!" Wilfred alipokea kwa furaha. Sauti za wateja zilisikika nyuma, maana alikuwa kwenye duka lake la pembejeo, lile la Mfaranyaki ambalo mifuko ya mbolea imepangwa kama matofali. "Umeshakula?"

"Nimesoma insha yako. Nimesomewa na mwanafunzi, darasani, mbele ya watoto arobaini na nane."

Wilfred akasogea mbali na wateja.

"Renatha, ile ni utani. Wewe mwenyewe ndiye unayefundisha mubalagha."

"Ndiyo, naifundisha. Soksi kuachana ni mubalagha. Kiatu kwenda Namtumbo ni mubalagha, na nilicheka, Wilfred, nilicheka kabla sijajua ni mimi. Sasa niambie, aya ya saba ni tamathali gani?"

"Aya ya saba..."

"Mchafu wa mwili. Kwetu hawakunifundisha kuoga. Hiyo inaitwaje?"

Alimsikia akimwambia mteja asubiri.

"Na yenyewe ni utani tu," akasema mwishowe. "Watu wanaelewa. Usichukulie kila neno."

Renatha akakata simu. Baada ya dakika mbili ujumbe ukaingia: *Mpenzi samahani kama umekwazika. Nakupenda na vurugu zako zote.* Hakuujibu. Samahani ya "kama umekwazika" ni samahani gani hiyo?

Jioni mama yake alipiga kutoka kijijini Maposeni. Yeye hana simu ya Facebook, lakini Maposeni kuna watu wanazo, na wana midomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Renatha, nimetoka kisimani nalia. Wanasema sikukufundisha kuoga."

"Mama, sikiliza..."

"Nilikuwa nakuogesha kwa maji ya moto, mwanangu. Kuni nabeba mwenyewe kichwani, na mgongo huu." Sauti ya mama ilikatika. "Nimewakosea nini hawa wakwe zetu?"

Renatha alipomaliza kuongea na mama yake, aliifungua ile insha kwenye simu, akaisoma yote kwa jicho la kusahihisha. Aliisoma mara ya pili, halafu mara ya tatu. Akatafuta kalamu nyekundu, akaikosa kama kawaida, akachukua ya bluu, akanakili kila tamathali kwenye karatasi.

Aya sita za kwanza zilikuwa za Wilfred tupu. Alimjua anavyoandika, barua zake alikuwa nazo. Akilinganisha, anasema "kama". Akimtania mtu, anamtania na kumsogelea, hamtukani. Aya ya saba ilikuwa na mkono mwingine. Haikuwa na mzaha hata chembe. Na kwenye simu ilikuwa na "banda ra nguruwe", "mchafu wa mwiri" na "mithiri", neno pekee ambalo Nasrin hakulisahihisha aliponakili. Wilfred miaka yote hajawahi kuandika mithili, achilia mbali mithiri kwa R.

Sasa nani anayeandika R penye L?

Alifungua simu, akashuka kwenye jumbe za zamani mpaka kwenye jina la Justa, dada yake Wilfred. *Wifi umerara sarama? Kesho tutachagua vitambaa vya kamati, usichererewe.* Na Justa ndiye aliyekuwa akimsaidia kaka yake kuuendesha ukurasa wake, maana Wilfred yuko dukani kutwa. Na Justa huyohuyo alikuwa ameshamwahidi rafiki yake Suzana kwamba siku moja watakuwa mawifi.

Renatha alikaa chini, akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuwa yeye! Wilfred wake hakuandika yale! Alikuwa anamficha dada yake tu, mjinga wa watu. Usiku ule alilala vizuri, pembezoni, na madaftari yake.

Jumamosi saa nne asubuhi alifika Matarawe, nyumbani kwa mama yake Wilfred, akisindikizwa na shangazi yake Lidwina. Huyo shangazi ni mwanamke wa maneno machache na macho makali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni. Shangazi, karibu kiti." Mama wa watu alikuwa na aibu hata kuwatazama. "Nimesikia. Tangu jana sijala. Wilfred, hebu keti hapa. Justa, acha hivyo vyombo, njoo."

Walikaa wote sebuleni. Wilfred alivaa shati lililonyooshwa mpaka mikono inasimama yenyewe. Alimtazama Renatha kwa macho ya kuomba.

"Mama," Renatha akaanza, "sikuja kugomba. Nimekuja na imla."

"Na nini?"

"Imla. Nasoma, mtu anaandika." Akatoa daftari na kalamu mkobani, akampa Justa. "Wifi, nisaidie. Sentensi moja tu."

"Mimi ni mwanafunzi wako?" Justa akabetua mdomo.

"Andika," alisema mama yake.

Justa akachukua kalamu.

"'Alilala kimya mithili ya jiwe.'"

Justa aliandika upesi upesi ili yaishe, akalirusha daftari mezani. Shangazi Lidwina akaliokota, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi.

"'Arirara kimya mithiri ya jiwe.'"

Renatha akaweka simu yake pembeni ya daftari, aya ya saba imefunguliwa. "Mama, linganisha mwenyewe hilo neno."

Mama alisoma daftari, akasoma simu, akarudi kwenye daftari. Halafu akamgeukia binti yake.

"Justa. Ni wewe?"

"Watu wengi wanaandika hivyo, mama!"

"Nimekuuliza, ni wewe?"

"Nilitaka inoge! Ya Wilfred ilikuwa imepoa, watu hawakuwa wanaisoma!" Akaanza kulia. "Na ni kweli anavuruga! Akihamia hapa nani atafagia nyuma yake? Si mimi? Suzana asingekuwa hivyo!"

"Toka mbele yangu! Umemtukana mzazi mwenzangu wa Maposeni kwa ajili ya Suzana? Toka!"

Justa alitoka analia. Mama akashuka kwenye kiti chake, akapiga magoti mbele ya shangazi Lidwina, mama mzima wa miaka sitini, akaomba msamaha kwa ajili ya nyumba yake. Shangazi akamshika mikono, akamwinua.

"Basi mama, inuka. Tumesikia."

Wilfred akashusha pumzi. Akasogea akamshika Renatha mkono. "Umeona? Sikuwa mimi. Nisingeweza kukuandikia maneno yale, unanijua."

"Nakujua," alisema Renatha, na macho yalimlowa. "Nilijua. Kwenye simu ulikuwa unamficha dada yako."

"Nilikuwa namficha, ndiyo. Ningefanyaje, ni dada yangu."

Hapo ndipo pangeishia, na kesho tangazo la tatu lingesomwa, na wiki mbili mbele watu wangekula pilau. Lakini Renatha ni mtu wa kusoma mpaka nukta ya mwisho.

"Kwa hiyo uliiona kabla sijakupigia."

Wilfred akainyoosha kola ya shati.

"Insha uliiweka Jumatatu. Aya ya saba aliiongeza lini?"

"Jumanne."

"Na wewe uliiona lini?"

"Renatha, tumeshaelewana, mama ameshaomba..."

"Uliiona lini, Wilfred?"

"Jumanne," alisema. "Jumanne jioni."

"Ukamwambia aifute?"

"Nilitaka. Nilikuwa nataka kumwambia." Alifuta jasho usoni kwa kitambaa kilichokunjwa pembe nne. "Lakini ilikuwa imeshasambaa. Watu walikuwa wanaandika Wilfred wewe ni moto, Wilfred wewe ni noma. Haijawahi kunitokea. Nikasema nitaiacha kidogo, halafu..."

"Kidogo mpaka lini? Leo Jumamosi, bado ipo. Nimeisoma nikiwa kwenye bajaji."

"Nitaifuta sasa hivi! Hii hapa simu!"

"Ina laiki ngapi?"

"Renatha..."

"Nakuuliza, ngapi?"

Aliinama akatazama. Jamani, akatazama kweli! "Mia nne na kumi na mbili."

Renatha akauondoa mkono wake.

"Dada yako hanipendi, na sijawahi kumdai mapenzi. Amenitukana siku moja. Wewe unayesema unanipenda umelala na tusi langu Jumanne, Jumatano, Alhamisi na jana, kila ukiamka unahesabu limeongezeka wangapi. Mama yangu amelia kisimani, wewe unahesabu. Nimesimama ubaoni naandika takriri, wewe unahesabu."

"Nisamehe. Nisamehe mpenzi, nilipitiwa."

"Una watu mia nne na kumi na mbili wanaokupenda, Wilfred. Kaoe hao."

Mama yake Wilfred alifunika uso kwa kanga. Hakumtetea mwanawe hata kwa neno moja. Renatha alimuaga kwa adabu zote, shangazi akabeba mkoba, wakatoka. Wilfred alikimbia nyuma yao mpaka barabarani, peku, viatu vyake vimebaki mlangoni vimesimama sawasawa, analia na kuita jina lake mbele ya majirani. Bajaji ikaondoka.

Njia nzima Renatha alilia. Alimpenda yule mwanaume. Alipenda anavyomkunjia nguo bila kuambiwa, anavyomtafutia kalamu, anavyomcheka. Iliuma, na hakuna maneno ya kupamba hapo.

"Tunakwenda nyumbani?" aliuliza shangazi.

"Hapana. Parokiani kwanza."

Mzee Beda, katekista, alikuwa ofisini anaandaa matangazo ya Jumapili. Renatha alimwamkia akiwa bado mlangoni.

"Marahaba, bibi harusi. Kulikoni na macho hayo?"

"Baba, huwa mnatangaza kwamba mwenye kujua kizuizi cha ndoa aje aseme. Nimekuja kusema."

Mzee aliacha kalamu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akatingisha kichwa mara kadhaa. Kisha akafungua daftari kubwa la matangazo na kuweka kidole kwenye mstari wenye majina mawili.

"Pole sana, binti yangu. Sasa hapa niandikeje? Imeahirishwa, au imevunjika? Fikiri vizuri. Mtu akiwa na hasira, imeahirishwa ni neno zuri zaidi."

Simu ilikuwa inatetemeka mkobani, Wilfred anapiga kwa mara ya kumi na tisa. Shangazi Lidwina alitazama dirishani, hakutaka kumwamulia. Renatha alifikiri, tena alifikiri sana, maana maneno ndiyo kazi yake.

"Andika imevunjika, Baba," akasema. "Ukiandika imeahirishwa, atakuja na insha nyingine."