Aliyelala Kitandani kwa Jina la Violante

Kitanda kilikuwa kimeshalaliwa. Malkia Violante aliingia chumbani baada ya misa ya asubuhi, akakuta upande wake umebonyea umbo la mtu na mto umezama katikati, huku vijakazi wakiapa kwamba walikitandika alfajiri na hakuna aliyekigusa. Akaweka kiganja pale palipobonyea. Palikuwa baridi, na palinuka nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ilhali chumbani humo hapakuwa na mshumaa uliowashwa.

"Labda paka," alisema kijakazi mmoja, na wenzake wakacheka chini chini.

Vicheko hivyo alikwisha kuvizoea. Tangu ashuke melini kutoka Ureno, watu wa Denmark hawakumpenda wala hawakujisumbua kuficha. Waliyempenda alikuwa Malkia Ingerd, mke wa kwanza wa Mfalme Torkild, mrefu, mwenye nywele za rangi ya kitani, aliyekufa kwa uzazi akaliliwa hadi na wauza samaki sokoni. Huyu mpya alikuwa mfupi, nywele nyeusi tii, na mkate wao mweusi mgumu aliutafuna akiwa amefumba macho. Jikoni walimbandika jina.

"Bibi Zeituni kaamka?"

"Kaamka, kanuna."

"Mwache anune. Kununa hakuli mkate."

Wa kwao alikuwa naye mmoja tu, Brites, yaya aliyemnyonyesha. Wengine wote walirudishwa siku ile ile ya kufika, maana ndivyo afanyiwavyo bibi harusi wa mfalme: huvuliwa kila kitu cha kwao bandarini, hata shumizi, akavishwa nguo za nchi anayoingia, na watu wake wakapandishwa meli tena. Brites peke yake aliachwa. Violante hakuuliza kwa nini. Alimshukuru Mungu, akaishia hapo.

Sasa alikuwa na mimba kubwa, na harufu ya nta ikawa inamfuata. Aliikuta kwenye nguo zake, kwenye maziwa, kwenye nywele alipozisuka. Mfalme, ambaye kwa adabu hakuwa na upungufu lakini hakuwahi kumtazama machoni, alianza kuzungumza mezani na kiti kilichokuwa kitupu, kwa sauti ya chini, ya mapenzi, na watumishi wakawa wanakiwekea kiti kile sahani bila kuambiwa.

Kisha ikaja jioni moja ya majira ya baridi, ambapo kule jua huzama mtu hajamaliza hata kushiba chakula cha mchana. Violante alikuwa anashona nguo ya mtoto karibu na moto. Nyuma yake mtu akaanza kuimba polepole wimbo wa kubembelezea watoto wa kwao, ule wa mtini unaolala na majani yake, kwa Kireno safi.

"Mama Brites," alisema bila kugeuka, "umeimba vizuri leo."

"Mimi?" Brites alikuwa ameketi mbele yake, miguuni, anazungusha uzi. Mdomo wake ulikuwa umefumba.

Wimbo haukukoma. Ulisogea, na pamoja nao ukasogea mburuto wa kitu kigumu sakafuni na tone linaloanguka, kisha tone jingine, na kabla Violante hajawahi kusimama, mkono uliotoka nyuma ya kiti, mweupe, laini mno, usio na mistari kiganjani, ukamzunguka kiunoni taratibu na kutulia juu ya tumbo lake, na mtoto aliyekuwa akicheza humo tangu asubuhi akanyamaza kimya. Ulipoondoka uliacha juu ya gauni alama za vidole vitano, za nta iliyokwisha kuganda.

Brites alianguka kifudifudi, akaanza kulia.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Unakumbuka harusi yako Lisbon? Balozi alivyotia mguu wake mtupu chini ya shuka lako mbele ya mashahidi, kwa niaba ya mfalme?"

"Nakumbuka. Ndivyo tunavyoozwa."

"Huku nako, siku hiyo hiyo, alitakiwa mtu alale na mfalme kwa niaba yako. Mwanamke yeyote wa hapa jumbani, kwa desturi tu. Mfalme akakataa wote. Akaagiza litolewe kanisani sanamu la nta la Ingerd, lile lililolazwa juu ya jeneza lake siku ya maziko. Wakalilaza kitandani, wakaliita kwa jina lako, na padri wa jumba akafungisha ndoa."

Violante alizitazama zile alama tumboni. "Lilivaa nini?"

Brites alificha uso sakafuni.

"Mama! Lilivaa nini?"

"Shumizi yako. Na kishungi cha nywele zako. Balozi aliniomba mapema, akaniahidi sitarudishwa pamoja na wengine. Nilidhani ni za kumvika binti fulani, naapa kwa Bikira! Nilitaka nibaki na wewe."

"Ukajua lini kwamba ni sanamu?"

"Wiki tuliyofika. Jikoni wanajua wote."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa maana ya vicheko vile. Jumba zima lilijua kwamba yeye si mke wa mtu, kuanzia mfalme hadi mkwangua masufuria, na yaya wake alikuwa anamsuka nywele kila asubuhi akiwa analijua hilo. Violante aliumia kuliko alivyoogopa. Lakini hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono, kwa hiyo akaushika ule ule.

Wakamwita Padri Esben, mtawa mzee aliyesifika kwa kufukuza pepo. Alinusa chumba, akapapasa kitanda, akaketi kwa uchovu.

"Bibi, huyu hakuja mwenyewe. Aliitwa kwa kiapo na kwa jina lako. Anakula mahali pako kidogo kidogo, na akifika kwa mtoto amemaliza."

"Anatolewaje, Baba?"

"Ndoa iliyomwita ikanwe. Mfalme asimame hapa, aseme kwamba lililolala kitandani humu lilikuwa sanamu, na mkewe ni wewe. Yaya athibitishe, kwa kuwa shumizi aliitoa yeye. Kisha mimi nitaliamuru lisilo na mume humu litoke, nalo halitakuwa na pa kushika."

Kesho yake baada ya misa wakakusanyika wote chumbani. Madirisha yalifungwa, mlango ukaachwa wazi. Padri alisoma, akanyunyiza maji ya baraka, na harufu ya nta ikapanda hadi watu wakaziba pua. Violante alisimama kando ya kitanda amelishika tumbo lake. Alimtazama mfalme, akamwomba kwa macho tu.

"Mtukufu Mfalme," alisema padri, "mkeo ni nani?"

Torkild alitazama kitanda. Macho yalimlengalenga.

"Aliyelala hapa siku ile," alisema. "Ndiye niliyemwoa. Sina mwingine."

Padri alipauka. Akamgeukia yaya haraka. "Mama, okoa mtoto wako. Shumizi ile ilivaliwa na nani?"

 Brites alimwangalia mfalme, na mfalme akatikisa kichwa kidogo sana, namna watu wanavyokumbushana jambo walilokwisha kulipanga pembeni.

"Ilivaliwa na Malkia," alisema Brites.

"Mama," alisema Violante.

"Ilivaliwa na Malkia, Baba. Nimemaliza."

Padri alisita, lakini mfalme alikuwa ameshika upanga na maneno yalikwisha kuanza, na yakianza hayaachwi katikati, kwa hiyo akayatamka, akaliamuru lisilo na mume ndani ya nyumba hii litoke, na Violante akahisi anachomolewa kutoka mwilini mwake kama mkono unavyotoka kwenye glavu, akajaribu kulishika tumbo na vidole vikapita bure, akapita katikati ya vijakazi waliojiviringisha shali zao ghafla, akashuka ngazi zote bila kukanyaga hata moja, hadi uani, kwenye theluji, ambako hakusikia baridi wala hakuacha alama ya mguu.

Juu, dirisha lilifunguliwa. Alijiona mwenyewe pale, nywele zake nyeusi, mikono yake inapapasa tumbo lake, akiimba wimbo wa mtini. Nyuma yake mfalme alikuwa anacheka. Violante hakuwahi kukisikia kicheko hicho.

Jikoni walishaanza. "Bibi Zeituni leo kamaliza mkate wote!"

"Kumbe ana njaa zake!"

Brites alitoka uani na sanduku lake. Mkokoteni wa kwenda bandarini ulikuwa unamsubiri. Hiyo ndiyo ahadi aliyopewa safari hii, meli ya kwenda nyumbani.

"Mama Brites."

Yaya alisimama. Alinusa hewa, akafanya ishara ya msalaba. "Nenda ukapumzike, mwanangu," alinong'ona. "Nenda. Usinifuate."

Akapanda, akajifunika blanketi. Violante naye akapanda, akaketi kando yake. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na kifua kile alikijua, alikilalia kabla hajajua kutembea. Akaweka kichwa pale pale pa zamani. Brites alitetemeka, akashika koo, macho yakamtoka. Kisha akatulia, na mkokoteni ulipokuwa unavuka lango mwenye farasi alimsikia bibi yule mzee akiimba wimbo wa kubembelezea watoto, kwa sauti nyororo ya mwanamke kijana.