Nani Anakula Bando la Mwalimu?

"GB kumi na nne, Walter. Umezimaliza na nani?"

Walter ndiyo kwanza alikuwa anaingia kibandani, mkononi ameshika suruali mpya aliyotoka kuichukua kwa fundi cherehani. Alicheka akidhani anataniwa. Alipomtazama Melania usoni, kicheko kikamkauka.

"Kumi na nne zipi?"

"Hizi hapa, za mwezi huu mmoja. Na mimi kila nikikupigia kwa video tuonane, jibu lako ni lilelile: bando limeisha, mpenzi. Limeishia kwa nani?"

"Sijui."

Hilo "sijui" ndilo lililoharibu kila kitu. Melania alikuwa fundi simu pale Mwanga, Kigoma mjini, mwaka wa sita sasa, na neno hilo alilisikia kwa kila mume aliyekokotwa kibandani na mkewe. Tena yeye ndiye aliyewafundisha wake hao, huku akisugua simu zao kwa mswaki na spiriti, kwamba simu haidanganyi, mwongo ni mwenye simu. Alijivunia kauli hiyo utadhani amesomea chuoni.

Na ugomvi wenyewe ulikuja siku mbaya. Walter alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kagunga, kule mpakani na Burundi, kijana wa Same aliyeletwa Kigoma na ajira. Ijumaa alishuka na boti mpaka Kibirizi, gati la mjini, akampa mchumba wake simu amsafishie tundu la chaji lililojaa mchanga na vumbi la dagaa. Jumamosi hii mjomba wake alikuwa njiani na treni. Jumapili wangekwenda Ujiji kupeleka posa, na baba yake Melania alishawaita wazee wa ukoo. Tundu lilisafishika vizuri. Melania akawasha simu aijaribu, akakuta ujumbe wa bando kuisha, akaingia kwenye matumizi ya data, na kuanzia hapo kidole kikakataa kurudi.

"Na meseji hizi je?" akamsogezea kioo karibu na pua. "Tarehe tatu, karibu Burundi. Tarehe nane, karibu Burundi. Tarehe kumi na moja uliniambia unasahihisha madaftari. Unasahihishia Burundi?"

"Melania, sijavuka mpaka hata siku moja. Hizo meseji zinakuja tu."

"Zinakuja tu! Na bando nalo linajila lenyewe, siyo?"

Mteja aliyekuwa anasubiri kubandikiwa kioo cha kinga alijifanya anasoma tangazo ukutani. Alikuwa analisoma kwa mara ya nne.

"Programu ya kuchati peke yake imekula GB kumi na moja," Melania aliendelea. "Mimi na wewe mwezi huu hatujafikisha hata moja. Huyo wa Burundi anaitwa nani?"

"Hayupo mtu."

"Basi mwambie mjomba wako asihangaike. Arudi na treni hiyohiyo."

Walter hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Simu kaa nayo," alisema. "Namba ya siri unaijua. Ipekue yote. Mimi siwezi kukujibu kitu nisichokijua."

Akatoka. Suruali mpya akaiacha juu ya stuli.

Saa nzima haikupita, kwenye simu ya Melania ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni:

"Ni Walter, nimeazima simu. Nimeshamwambia mjomba. Baba yako umwambie mwenyewe, mimi sina uso wa kumtazama. Suruali mpe mtu."

Melania akausoma mara tatu, kisha akainamia simu ya mteja na kulia kimyakimya. Alimpenda yule mwanaume, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi, angemsamehe siku hiyohiyo.

"Mwakeye, mwanangu!"

Alifuta macho haraka. Aliyemsalimu kwa Kiha alikuwa Mama Yunisi, muuza dagaa anayeleta mzigo kutoka Kagunga kila wiki, simu yake imefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Mwakeye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nitazamie hii kitu, inanichosha. Mimi niko uani kwangu Kagunga naanika dagaa, yenyewe inaniambia karibu Burundi. Nikirudi mlangoni, inaniambia karibu tena Tanzania. Mimi Burundi nimefuata nini?"

Bisibisi ilisimama mkononi mwa Melania.

"Inakuambia hivyo kila siku?"

"Ego, kila siku! Kwani ni mimi peke yangu? Ni Kagunga yote. Mtandao wa wale wa ng'ambo unatukuta kwetu. Hata yule mwalimu mrefu, akitaka kupiga simu anatoka mpaka ufukweni, anapanda juu ya jiwe, anainua mkono hivi anatafuta neti ya huku. Watoto wanamwiga, wanasimama juu ya mawe wanainua vijiti. Eti ana mchumba mkali mjini, akikaa kimya ananuna."

Melania aliweka bisibisi chini. Akachukua simu ya Walter, akarudi kwenye matumizi ya data, akaigusa ile programu ya kuchati. Asubuhi alisoma jumla tu, akapandisha hasira, akaacha. Ni kosa hilohilo analowagombezea wateja wake kila siku. Sasa akashuka mpaka chini.

Data iliyotumika Walter akiwa ameifungua programu: haikufika hata GB moja. Data iliyotumika chinichini, simu ikiwa imelala mfukoni: kumi na ushee.

"Mungu wangu," alisema.

"Kuna nini?"

"Hakuwa anaongea na mtu, mama. Ni simu yenyewe."

Akafungua mpangilio wa kuhifadhi nakala. Ilikuwa imewekwa kila siku, pamoja na video, kwa mtandao wowote. Chini yake: imekatika, itaanza upya.

"Inapeleka vitu vyake mtandaoni visipotee," alimweleza Mama Yunisi. "Ikifika katikati, mtandao unahamia Burundi, inakatika. Ukirudi huku inaanza upya. Hivyo kutwa nzima, mpaka bando linakwisha."

"Vitu gani hivyo vya maana namna hiyo?"

Melania akafungua mazungumzo yao, akagusa ujumbe wa sauti wa kwanza.

"Mwalimu, usiiweke kwenye mchele tena! Mchele ni wa kupika. Simu ikilowa, izime, usichaji, niletee."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya mwaka jana, baada ya Walter kuangusha simu ziwani mara ya pili akishuka kwenye boti. Mara ya kwanza ndiyo waliyojuana. Mara ya pili simu ilikufa moja kwa moja, na meseji zao zote za mwanzo zikafa nayo. Akashuka chini. Sauti mia nne, zote zake mwenyewe. Usiilaze chini ya mto ikiwa kwenye chaji, Mwalimu. Ikipata moto itoe kava, iache ipumue. Nyingine haikuwa na somo lolote, alikuwa anacheka tu. Na video zake alizokuwa anajirekodi akifungua simu za watu ili amfundishe.

Kisha akaifikia hii:

"Weka nakala kila siku, Mwalimu. Usisubiri waifai, Kagunga utaipata wapi? Ukizamisha tena, utanikosa."

Mama Yunisi aliinamisha kichwa, akasikiliza, akamtazama.

"Kumbe mchumba mkali ni wewe."

"Ni mimi, mama. Na bando lake nimelila mimi."

Simu ya Walter ikaita mikononi mwake. Mjomba Jeremia.

"Halo? Walter? Umenipigia na namba ngeni, ukaongea maneno ya ajabu, ukakata. Eti nikifika nigeuze. Tumeshapita Kazuramimba, Kigoma hiyo hapo, nigeuze treni mimi?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Naongea na nani?"

"Ni Melania. Mjomba, shuka. Shuka na kila ulichobeba. Nakuja kukupokea."

Alifunga kibanda mchana kweupe, akachukua ile suruali, akapanda bodaboda mpaka stesheni.

Walter alikuwa kwenye benchi, akimsubiri mjomba wake. Alimwona akija, hakusimama.

"Ni nakala," Melania alisema, akihema. "Nilikuambia mimi uziweke, nikasahau. Zinakatikia Burundi zinaanza upya. Na meseji zile, Kagunga nzima wanazipata. Nimekukosea, Walter. Tena nimekukosea mbele ya watu."

"Ungeniuliza, tungeangalia wote."

"Najua."

"Nilisema sijui kwa sababu nilikuwa sijui. Mimi siyo fundi. Nitakuoa, kesho kutwa jambo jingine, nitasema tena sijui. Utanifukuza tena?"

Melania alikaa kando yake.

"Nitasoma mpaka chini," alisema. "Na nikishindwa kuelewa, nitakuuliza kama mtu anayekupenda. Nakupenda, Walter. Niliogopa, basi."

Walter akanyoosha mkono, akachukua suruali.

"Umeikunja vibaya."

"Nilikuwa kwenye bodaboda!"

Akacheka. Melania naye akacheka, na machozi yakamtoka palepale. Akampa simu.

"Nimeizima ile ya kila siku. Utaweka nakala ukiwa mjini, kibandani kwangu. Bando lako sasa ni la kunitazama."

Treni iliingia ikipiga honi. Mjomba Jeremia alishuka na begi, kikapu na boksi lililofungwa kwa kamba, akawatazama wote wawili, akaona macho mekundu, akaona mikono iliyoshikana.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye, mjomba," Walter alijibu.

"Basi ya posa yasubiri kidogo." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. "Mwanangu, hii yangu bando linaisha kabla sijaligusa. Hata mke wangu ananitazama vibaya."

"Anayelila nani, mjomba?"

"Sijui."

Melania alimtazama Walter. Kisha akaipokea ile simu kwa mikono miwili, akasogea kwenye benchi ili mzee apate nafasi.

"Kaa hapa, mjomba," alisema. "Tuangalie wote, mpaka chini."